Ijumaa Ndinda Aliporudi Hatua Moja Nyuma

Ndinda ameolewa na dereva wa lori, na atakwambia mwenyewe kwamba mke wa dereva wa lori ni mke mwenza wa foleni. Mumewe, Kioko, alikuwa akilala garini nje ya yadi moja ya makontena huko Kilindini, na chumba chao kiko Kuze, si mbali. Akiondoka, anapoteza zamu. Ndipo Ndinda, karani wa yadi hiyo hiyo, alipojifunza kuandika programu ya kumshikia dereva zamu yake na kumtumia ujumbe kontena likikaribia kutoka. Watu walimcheka, lakini ukaidi hakuuazima kwa mtu.

Mwenzake kazini alikuwa Huzaifa, mtu wa Mji wa Kale, mpole, kanzu yake imenyooka hata siku za mvua. Ndiye aliyemfundisha git, inayotunza kila hatua ya kazi ili ukiharibu uweze kurudi nyuma. Unaandika git add, kisha git commit, na hatua imewekwa. Huzaifa hakuwa akitia udhu kabla ya kuiweka kazi yake hivyo.

"Sisimami mbele ya Mola na amana ya watu iko wazi mezani," alisema. Ndinda akamtania kwamba hata kompyuta yake inatiwa udhu.

Ijumaa hiyo bosi angekuja alasiri kuitazama programu. Akiipenda, ingeanza kazi papo hapo. Asipoipenda, asingetaka kuisikia tena. Huzaifa alimaliza ukurasa wa madereva, akaweka hatua yake, akaenda kuswali. Ndinda alibaki peke yake na mikono isiyotulia. Akataka kuupamba ukurasa kidogo. Akagusa hapa, akagusa pale, programu ikagoma.

Hapo ingetosha kuandika git restore, fujo yake ifutike. Lakini haraka haraka haina baraka. Aliihesabu fujo ile kuwa ni hatua, akaiamuru git irudi hatua moja nyuma. Kumbe git huhesabu zilizowekwa tu, na yake hakuwa ameiweka. Iliyoondoka ni ya Huzaifa! Akaandika git log apate kuiona: ukurasa wa madereva haupo, kana kwamba haukuwahi kuandikwa. Akilini alimwona Kioko amejikunja kwenye kiti cha lori mwaka mwingine mzima.

Huzaifa aliporudi, Ndinda, machozi yakimtoka, hakumficha.

"Bwana Huzaifa, nimeipoteza kazi yako. Nilitaka kufuta yangu, nikafuta na yako."

"Walia nini, dadangu?" Huzaifa alivuta kiti akaketi. "Mimi niliiweka kabla ya kutia udhu. Kilowekwa hakipotei upesi. Hebu andika git reflog."

Akaandika. Zikatokea hatua zote, hata ile iliyoondolewa, kila moja na namba yake. Juu kabisa palikuwa na kule kurudi nyuma kwake, na chini yake kazi ya Huzaifa, nzima.

"Haya, irudishe mwenyewe."

Ndinda aliandika git reset --hard, akaongeza ile namba. Ukurasa ukarudi kama ulivyokuwa. Alicheka na kulia kwa pamoja, na lau si heshima angeibusu kanzu ile.

Bosi alikuja, akatazama, akauliza mambo machache. "Haya, washeni," akasema.

Jua halijatua, simu ya Ndinda ikalia. Alikuwa Kioko.

"Mke wangu, nimeletewa ujumbe. Wasema kontena langu ni kesho mchana, na zamu yangu imeshikwa. Ni kweli haya?"

"Ni kweli."

"Basi nafunga gari, naja."

Ndinda aliandika git add, akaandika git commit, ndipo akainuka. Alipita sokoni Marikiti, na siku hiyo alinunua chakula cha watu wawili.