Kitambaa Nilichokiokota Mchangani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja hapa Isiolo, wakati kichwa changu kilikuwa na ndoto nyingi kuliko akili. Nilikuwa naosha magari na rafiki yangu Guyo karibu na soko la mifugo, na tayari nilikuwa nimechagua rangi ya kibao cha biashara yangu, ambayo mpaka leo sijaijenga.

Sifa yangu ilikuwa kuosha gari zima kwa ndoo moja. Mji wetu unaujua, maji huku yanaheshimiwa kama mgeni. Guyo yeye alianza kwa kumwagia gari maji matupu, kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa.

"Wewe Ewaso Nyiro, utatukausha," nilimtania kwa jina la mto wetu. Alicheka tu.

Siku hiyo tuliosha gari jeusi la Mzee Hussein, limetoka Garbatulla na vumbi lote la njia. Alasiri lingembeba binti yake arusini. Guyo alishika nyuma, mimi mbele. Jua lilipopiga boneti, nikaona mikwaruzo imeenea kama utando wa buibui.

Shaka ikaniingia. Mbona Guyo amenyamaza leo? Mbona amekuja upande wangu mara mbili? Huyu ananionea wivu. Nyani haoni kundule, mwanangu.

Mzee Hussein alipofika na tajiri wetu, aliyetuajiri kuosha magari, nikasema haraka, "Ni Guyo. Nimemwona huku mbele."

"Wallahi sijagusa hiyo boneti," Guyo akasema. Tajiri akamwambia achukue nguo zake aende.

"Ngojeni," akasema Mzee Hussein. Akavua miwani, akaninyooshea. "Kijana, nipangusie. Kwa hicho kitambaa chako."

Kilikuwa kipande cha sweta kuukuu. Kilikuwa kimeanguka mchangani, nikakiokota, nikakikung'uta, nikaendelea. Mkono wangu ukasimama hewani.

"Mbona umesita?"

"Kina mchanga, mzee."

"Kumbe unajua," akasema, akavaa miwani yake.

Nikainamisha kichwa. Hapo ndipo nikaona, kando ya gurudumu la mbele, ndoo ya pili ya Guyo, maji safi, haijaguswa. Alikuwa amekuja upande wangu kuniletea.

Guyo hakufukuzwa. Bibi arusi alienda na gari lenye alama zangu, na Guyo alikaa siku nyingi bila kucheka utani wangu. Neno likimwagika halizoleki.

Kwa hivyo, mwanangu, vumbi litoe kwa maji kabla ya kupangusa. Tumia kitambaa laini, kisuuze kila mara, na cha magurudumu kisiguse bodi. Kikianguka chini, kiache mpaka kifuliwe. Na shaka ikikujia, ianze na kilicho mkononi mwako kabla haijamfikia mwenzako.

Mungu akupe mikono safi, na rafiki wa kukuletea ndoo hata ukimcheka.