Kikapu Kichwani kwa Baba Mkwe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, na hasa wewe mjukuu wangu wa Ilomba unayesomea mifugo na kulalamika kwamba fildi ni ngumu, kaa chini usikilize. Ngumu huijui. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikalee mdogo wangu. Lakini nimeingiza mkono ndani ya ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa, tena baba mkwe wangu akiwa amevaa kikapu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Rungwe, kwenye migomba, lori la Mbeya likija mara moja kwa wiki kama mvua imekubali. Nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mume wangu alikuwa migodini Rhodesia, nami nilikaa na wazazi wake.

Sasa elewa hili. Kwetu Wanyakyusa wakati ule, mkamwana hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hasemi naye, haingii alimo. Akisikia kikohozi chake njiani, anajitupa migombani na kujifunika nguo mpaka mzee apite. Mwaka mzima baba mkwe nilimjua kwa kikohozi na kwa visigino. Visigino alikuwa navyo vizuri.

Ndipo akaletwa mwanafunzi wa chuo cha mifugo, Mhehe wa Iringa, mrefu kama nguzo ya simu, kaptula imepigwa pasi. Alikuja kufanya mazoezi kwa ng'ombe wetu. Alikuwa na daftari lenye orodha ya kazi: kuogesha ng'ombe, kukata kwato, kuchanja, kuhasi, kuzalisha. Kila kazi akiimaliza, mwenye ng'ombe anaweka dole gumba la wino. Dole moja likikosekana, chuo kinamrudisha Iringa akalime mahindi na kaka zake, ambao alituambia walikuwa wameshamchongea mpini wa jembe wakimsubiri.

Na baba mkwe hakuwa mtu wa kubembelezwa. Neno lake lilikuwa moja: "Sijaona, siweki dole." Siku ya kukata kwato aligeuka kidogo kumtazama kunguru, basi ikabidi kijana amkate ng'ombe mwingine kwato, mzee akiwa amekodoa macho.

Ikabaki kuzalisha. Ng'ombe mweusi alikuwa na mimba kubwa ila hakuwa na haraka. Kila asubuhi nilimsikia yule kijana akimsihi. "Mama, nakuomba. Lori linakuja Jumamosi kunichukua." Ng'ombe anacheua tu.

Jumamosi ikafika. Kijijini kulikuwa na msiba mkubwa, watu wote wakaenda, mama mkwe mbele. Nikabaki mimi kumpikia mgeni, na baba mkwe kumlinda ng'ombe. Jua halijapanda sana, ng'ombe akaanza. Kwetu ng'ombe walilala ndani ya nyumba, upande wao, kwa hiyo baba mkwe alikuwa humo ndani akishika pembe, mimi nje nyuma ya ukuta nikisikiliza.

Mara kijana akatoka, mkono umelowa hadi kwapani.

"Dada, mguu mmoja wa ndama umekunjika. Mkono wangu mnene, haupiti pembeni mwa ndama. Lete wa kwako."

"Siwezi. Humo kuna mtu."

"Ndiyo, kuna mzee. Ameshika pembe."

"Ndiyo maana siwezi."

"Dada, ndama atakufa, na mimi nitakufa Iringa."

Kutoka ndani ikaja sauti ya baba mkwe. Hakusema na mimi, alisema na ng'ombe. "Ewe ng'ombe, mwambie huyo Mhehe achukue kikapu cha viazi, amwage viazi, anifunike kichwa."

Nikamwambia kijana, "Umesikia ng'ombe alivyotumwa. Fanya."

Basi nikaingia kinyumenyume, kaniki usoni. Mzee kakaa mbele na kikapu hadi mabegani, mikono imetoka chini kushika pembe. Nikajipaka sabuni, nikaingiza mkono.

"Tafuta goti," kijana akasema. "Lisukume ndani kwanza, halafu kwato uifunike kwa kiganja uilete."

Nikauambia mkia, "Mkia, pembe zishikwe vizuri, ng'ombe anayumba."

Kikapu kikajibu, "Ng'ombe, mwambie mkia pembe zimeshikwa tangu alfajiri."

"Lakini mzee," Mhehe akasema, "si anakusikia moja kwa moja?"

"Nani ananisikia?" kikapu kikauliza. "Hapa kuna mimi, wewe na ng'ombe."

"Na huyu dada?"

"Dada gani? Unaumwa, kijana?"

Goti likakubali, mguu ukanyooka. Kijana akafunga kamba miguu yote miwili ya mbele ya ndama. Mikono yangu inateleza kwa sabuni, nikazungusha kamba kiunoni nikaikaza. Kosa hilo mwanamke mwenye akili halifanyi. Kijana akapiga goti kuongoza kichwa cha ndama, akasema, "Vuta polepole, kwa adabu."

Nilivuta kwa adabu. Ndipo ng'ombe akarusha kichwa, pembe ikanasa kikapu, kikapu kikaruka.

Sikufikiri. Mguu wa mkamwana haufikiri. Nikatimua mbio kwenda mlangoni, na kamba ikiwa kiunoni. Nyuma yangu nikasikia kitu kikichomoka kama muhogo kwenye tope, nikasikia "Yesu wangu" ya Kihehe, kisha kamba ikaniangusha kizingitini kama mbuzi. Nilipochungulia chini ya kaniki, Mhehe alikuwa amelala chali, ndama kifuani mwake, anapiga chafya. Ndama ndiye aliyepiga chafya.

Nikafungua kamba nikajificha nyuma ya ukuta. Kijana akanawa, akaleta daftari na wino, anatabasamu. Baba mkwe akasema, "Sijaona."

"Mzee, ndama huyu hapa, amesimama."

"Namwona sasa. Akitoka sikumwona. Nilikuwa na kikapu."

"Kikapu kilianguka kabla hajatoka."

"Kilipoanguka nilifumba macho. Ulitaka niangalie nini? Sijaona, siweki dole."

Yule kijana mrefu akakaa kwenye viazi vilivyomwagwa, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Na kwa mbali lori likasikika likipanda mlima.

Kisha baba mkwe akasema na ndama. "Ewe ndama, mimi uongo sijawahi kuutia wino. Dole huweka mwenye ng'ombe aliyeona. Kama kuna aliyeona, basi kuanzia leo wewe ni wake, aweke."

Daftari likanijia ukutani, limeshikwa na mkono wa kijana. Sikukurupuka.

"Kaka, hapa pameandikwa umezalisha. Wewe ulifanya nini hasa?"

"Nilisema la kufanya. Na nilimdaka."

"Kwa kifua."

"Kwa kifua, dada."

Nikaweka dole, la kwanza maishani mwangu. Bwana Mifugo aliyekuja kumchukua, aliposhuka kwenye lori akaliangalia, akauliza mbona dogo. Nikamsikia baba mkwe akijibu, "La mwenye ndama," bila kukohoa. Hakuwa amesema uongo. Yule ndama, jike, alikua kwa jina langu, na maziwa yake ndiyo mama yako aliyakulia.

Mhehe akamaliza chuo. Mpini wa kaka zake sijui ulimpata nani.

Miaka ikapita, nami nikapata wakamwana wangu, na mume wangu akawa ndiye mwenye kikohozi. Siku ya kwanza ng'ombe wetu alipoanza uchungu, nikaona mkamwana anakimbilia migombani na mzee wangu anatafutatafuta pembeni ya jiko. Nikasimama mlangoni nikawaambia wote: "Heshima tutapeana siku zote. Lakini ng'ombe akizaa, kila mwenye mkono aingie na afumbue macho. Na kikapu kirudishwe kwenye viazi."