Vibuyu Viwili vya Mursik

Mwaka wa 2022, nikiwa na miaka sitini na tisa, ndipo shida iliingia kwangu. Njaa ya utoto siiiti shida. Niliacha shule darasa la tatu, nikachuma chai ya wenyewe bila viatu mpaka nikanunua shamba langu hapa Kapsoit. Hiyo ilikuwa kazi tu. Shida ni nyumba kubwa ya mawe yenye mtu mmoja ndani.

Nina watoto wawili. Kijana alienda Urusi kusoma, akapata kazi ya kutengeneza mitambo ya kiwanda cha maziwa, akabaki huko. Dada yake ni nesi Poland. Wakati ule wa amani walikuwa wanapanga kuja Disemba pamoja. Na kwangu mtoto aliyetoka mbali haketi kabla ya kunywa mursik, yale maziwa yetu ya kulala kwenye kibuyu. Mama yao alikuwa na kibuyu cha kila mmoja, chenye shanga ya rangi yake. Alipofariki nikaanza kuvitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nachoma kijiti cha mti wa senetwet, nasugua makaa ndani, namimina maziwa, nafunga. Hiyo ni kazi ya wanawake. Majirani walicheka. Wacheke.

Halafu vita ya Ukraine ikaanza. Poland iko ndani ya ule muungano wa majeshi ya nchi za Magharibi, na Urusi inauona muungano huo kama adui. Krismasi hiyo hakuna aliyekuja. Tukaongea kwa simu, sisi watatu.

Kijana akasema, "Huo muungano wenu umesogea mpaka mlangoni kwetu. Mlitaka tufanye nini?"

"Mimi nafunga vidonda vya watu waliokimbia mabomu yenu," dada yake akajibu.

"Yangu? Mimi natengeneza mashine ya maziwa!"

"Basi nyamaza na maziwa yako."

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa ananipigia peke yake, na hakuna aliyeuliza habari ya mwenzake.

Pale kituo cha kupimia majani chai wazee wenzangu waligawana hiyo vita kama mpira. Mmoja alishangilia Urusi, mwingine akasema muungano utamaliza kazi kwa wiki moja. Wakanigeukia.

"Boiyot, mzee wetu, wewe mwenye watoto pande zote, uko upande gani?"

"Niko upande wa mama yao," nikasema, "na mlimzika nyinyi wenyewe."

Hawakuniuliza tena. Lakini pia hawakunifuata nyumbani. Nilipika chai ya mtu mmoja, nikasikiliza redio ikihesabu vifaru, nikazima.

Disemba iliyopita msichana akaja. Kijana alikataa. Alisema nauli imepanda kwa sababu ndege zinazunguka mbali kukwepa vita, na kibali chake cha kazi kinaweza kukwama akitoka. Nilijua ni kweli. Nilijua pia hakutaka kumkuta dada yake.

Msichana akasimama mlangoni na begi. Nikamletea kibuyu. Akaangalia shanga ya shingoni mwa kibuyu, akarudisha mkono.

"Baba, hiki si changu. Ni cha yule."

"Chako kiko jikoni. Leo utakunywa hiki."

"Nitakunywa maji."

"Maji iko mtoni. Kunywa au ulale nje na ng'ombe."

Akanywa. Nikachukua simu nikampigia kijana ile ya kuonana uso, nikamwelekezea dada yake na kibuyu mdomoni. Wakaangaliana. Kijana ndiye aliongea kwanza.

"Wewe mwizi! Hiyo ni mursik yangu!"

"Imechacha kama wewe," dada yake akasema, akapangusa makaa mdomoni. Wote wawili wakacheka. Nikatoka nje nikajifanya naangalia ndama.

Sikukaa huko sana. Niliporudi walikuwa wamefika tena kwa muungano na mipaka, sauti ziko juu. Sikuwanyamazisha. Safari hii hakuna aliyekata simu mpaka ile ya kijana ilipoishiwa na chaji.

Asubuhi ya kuondoka, msichana aliamka akaosha kile kibuyu cha kaka yake. Akachoma senetwet mwenyewe, akasugua, akajaza maziwa, akafunga kwa nguvu. Gari likamchukua, nyumba ikarudi vile ilivyokuwa.

Leo niko na ekari tatu za chai. Nyumba ya mawe. Ng'ombe wanne, mmoja haamki vizuri. Tangi la maji. Redio. Viti vya wageni, vipya bado. Vibuyu viwili. Cha msichana kiko tupu, alikimaliza kabla ya kuondoka. Cha kijana kimejaa, na kila maziwa yakipitiliza kuchacha nayanywa mimi, naosha, najaza tena.