Karatasi Kwenye Mlango wa Ma Micheline

Ma Micheline hajui kukaa. Namfahamu miaka kumi na tisa, tangu kaka yangu alipomwoa, na sijawahi kumwona akimaliza sahani ya chakula ameketi. Anakula amesimama, anasali huku anapanga vyombo, na padri akirefusha mahubiri kidogo tu, yeye anaanza kukunja na kukunjua kitambaa chake. Kaka yangu alipofariki, Ma Micheline alikaa matangani siku mbili. Siku ya tatu alijifunga kiuno, akaenda mtaa wa Ibanda kutafuta chumba cha kupanga, akafungua malewa, mkahawa mdogo wa wapita njia. Watu wa familia walisema maneno. Mimi Lucie pia nilisema, sikatai. Kisha nikamfuata kumenya ndizi za makemba, maana maneno ya familia hayajazi tumbo la mtu.

Malewa yetu ilikuwa na meza sita za plastiki, masufuria manne na dirisha moja linalotazama ziwa. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga. Mafundi, makarani wa benki na wauguzi walikuja saa sita, wakala haraka, wakaenda zao. Masufuria yale ndiyo yaliyowasomesha watoto wake.

Dirisha ndilo lililotuponza. Mwaka ule jimbo lilikuwa limeunda Ajansi ya Ziwa na Milima ili ituletee watalii, na sheria iliyoiunda iliipa uwezo wa kuandikisha na kufunga kila mahali ambapo mgeni anaweza kulitazama ziwa. Watalii hatukuwaona. Tulimwona Destin, mkaguzi wa Ajansi, mwenye koti na faili. Alisimama dirishani, akatazama maji kwa muda mrefu, akaandika kwamba sisi ni kivutio cha utalii cha daraja la pili na tunahitaji kibali.

"Papa, batu banakuyaka hapa kutazama sahani," Ma Micheline alimwambia. "Ziwa banaionaka ku nyumba yabo, bure."

Destin alicheka akaacha karatasi yake. Ma Micheline, kama kawaida yake, hakungoja. Kesho yake alinunua ubao wa triplex, akaupigilia dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna ziwa, hakuna mtalii. Wiki mbili wateja walikula gizani nasi tukajiona wajanja. Kisha Destin akarudi na polisi wawili na karatasi nyeupe yenye mihuri miwili, ile wanayoita scellé, akaibandika nusu kwenye mlango, nusu kwenye fremu. Kosa letu sasa lilikuwa kuharibu mandhari ya utalii. Nilitamani kumuuma.

Anayebandua karatasi ile bila ruhusa anafungwa gerezani, kila mtu anajua. Kwa hiyo masufuria yalibaki ndani, na miezi minne Ma Micheline alizunguka. Alipeleka barua Ajansi, kwa meya, kwa gavana, kwenye Bunge la jimbo. Kila mahali alikuwa na nakala ya pili, na alisimama mbele ya karani mpaka nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na accusé de réception, kwake yeye, ilikuwa barua ambayo haijaandikwa. Alikuwa na nakala kumi na moja ndani ya mfuko wa sukari, na hakuna jibu hata moja. Fanny, binti yake mkubwa, alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, na jina lake lisingepelekwa kwenye mtihani wa taifa kama mama asingefungua mlango na kulipa ada kabla ya mwisho wa Mei.

Mwezi wa nne Bunge likamwita DG, yaani mkurugenzi mkuu wa Ajansi, Bwana Parfait, aeleze wanavyotumia uwezo waliopewa na fedha za jimbo. Siku tatu kabla ya kikao, Destin alikuja nyumbani kwetu amebeba furushi la pagne, vitenge vya bluu vyenye picha ya kiboko.

"Bamama, mutashona mbio-mbio, mutavaa, mutakuya kukaa mu tribune ya Bunge, kule juu. DG akisema, munapiga makofi. Vendredi ninakuya kutosha scellé yenu."

Ijumaa angekuja kubandua karatasi, hayo ndiyo malipo ya makofi. Sikushangaa hata kidogo. Kwetu mtu haendi kwenye siku yake kubwa bila watu wake wamevaa kitambaa kimoja, iwe harusi, iwe mazishi, iwe siasa. Ndivyo tulivyolelewa, na DG pia ndivyo alivyolelewa. Nadhani hata hakufikiri mara mbili.

Siku ya kikao tulikuwa wanawake arobaini juu kule, tumevaa, tumepangwa vizuri. Bwana Parfait alisoma kwa Kifaransa, tukapiga makofi. Akasoma tena, tukapiga tena. Ma Micheline alikuwa amekwisha kusimama mara tatu, na mara tatu nilimvuta sketi. Ndipo Honorable Chantal, mbunge mwanamke, mfupi mwenye miwani, akauliza kuhusu pagne mia nane zilizonunuliwa na Ajansi. Zilikwenda wapi?

DG alijibu kwamba zote, hadi ya mwisho, zilipelekwa Luhwindja kwa wanawake wanaopokea watalii kwenye maporomoko ya maji.

Honorable Chantal aliuliza picha iliyochapwa juu yake ni ya nini. Ya kiboko, DG akasema. Hapo mama yule akavua miwani, akainua macho taratibu hadi kwetu, na ukumbi mzima ukageuka naye.

Kulikuwa na kicheko ambacho sitakisahau. DG alifuta jasho akasema kwamba, kwa kweli, akina mama hawa ni wajumbe waliotoka Luhwindja kuja kuliunga mkono jimbo. Rais wa Bunge akagonga meza. Akaruhusu, kwa mara moja tu, mtu mmoja wa tribune ajibu.

Sote tuliinamisha vichwa. Mimi pia niliinamisha, na hadi leo naona haya. Ma Micheline tu ndiye alikuwa wima.

"Maman, weye unatoka wapi?" Honorable akamuuliza kwa Kiswahili.

"Luhwindja."

DG alishusha pumzi. Destin, kando ya mlango, alitabasamu. Na haukuwa uongo: Ma Micheline alizaliwa Luhwindja, baba yake alichimba dhahabu kule. Angeweza kuishia hapo. Nikawaza masufuria, nikawaza Fanny, nikamvuta tena sketi: kaa chini, shemeji, kaa chini.

"Nilizaliwaka kule," akaendelea, "nikatoka na miaka kumi na mbili. Sijarudia. Iyi pagne walinipatia lundi, siku tatu zimepita, hapa Ibanda, ni yule papa pale ku mulango. Alisema nipige makofi, njo bafungule malewa yangu."

Bunge likaunda tume ya uchunguzi siku ileile. DG alisimamishwa kazi, na Ajansi ikanyang'anywa uwezo wote juu ya scellé hadi tume imalize. Barabarani tulicheza. Ijumaa Ma Micheline akaenda Ajansi kuomba karatasi ibanduliwe. Kaimu mkurugenzi alimpokea kwa heshima nyingi.

"Maman, kubandika, kubandua, byote walitutosha. Hatuna tena uwezo."

Kwa meya wakasema si yao. Kwa mwendesha mashtaka wakasema si yao. Kwenye tume wakasema wataliangalia jambo hilo, na tume ilikuwa imepewa siku tisini. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Yeye alizunguka meza.

Jumatatu ya mwisho ya Mei, saa sita kamili, saa ya wateja, alinituma nichemshe maji. Mbele ya mtaa mzima alikanda karatasi ile kwa kitambaa cha moto, polepole, mikono ile isiyotulia ikiwa imetulia kabisa, mpaka ikatoka nzima na mihuri yake miwili. Akaiweka kwenye bahasha pamoja na barua ya kumi na mbili. Tukapanda hadi Bungeni, yeye akiwa na pagne ya kiboko.

"Ninaleta kitu ya État, ya serikali," alimwambia karani. "Nimeitosha mi mwenyewe. Nipigie accusé."

Karani alitazama karatasi, akatutazama sisi, akapiga muhuri.

Tuliporudi aling'oa ubao wa dirisha. Mwanga wa ziwa uliingia juu ya masufuria yenye vumbi. Niliwasha makaa, na nilipogeuka nilimkuta ameketi kwenye kiti, mikono mapajani, nakala juu ya meza mbele yake. Niliogopa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Apana," akasema. "Ninangojea polisi. Weka bugali ku moto, Lucie. Bakikuya, bakute batu banakula."

Niliweka sufuria motoni. Kisha nikavuta kiti cha pili, nikakaa naye, uso mlangoni.