Akaunti Moja Iliyoachwa Wazi

Chuoni tulimwita Komeo, naye hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kulinda seva kubwa ambayo watafiti na wanafunzi wa uzamili huendeshea hesabu zao, na alipenda kufunga kila kitu: milango, droo, hata kopo la sukari la ofisini ambalo mimi ndiye niliyelinunua. Tulikaa ofisi moja, mimi nikipokea malalamiko ya watumiaji. Alifiwa na mkewe mapema, akabaki na binti mmoja, na binti huyo alikuwa akimalizia shahada yake ya uzamili hapohapo chuoni.

Asubuhi moja ikaja taarifa kwamba mfumo endeshi wa seva una tundu. Nikamuuliza lina ubaya gani.

"Mtu wa nje haingii," alisema. "Ila aliye ndani, hata awe na akaunti ya kawaida kabisa, anaweza kujipandisha cheo akawa mkuu wa mashine nzima. Anasoma, anafuta, anabadilisha atakacho."

"Basi afadhali. Wa ndani si sisi wenyewe?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

Dawa ilikuwapo: kuweka kiraka, yaani programu ndogo ya kuliziba tundu, kisha kuizima seva na kuiwasha upya. Tatizo ni kwamba kuizima kunakata kila hesabu inayoendelea, na ikikatwa huanza upya kabisa. Komeo hakuwa mtu wa kuona haya kwa hilo. Nimewahi kumwona akiizima seva mkuu wa idara akiwa katikati ya kazi, halafu akaenda zake kunywa chai. Lakini safari hii hesabu kubwa kuliko zote ilikuwa ya binti yake. Ilikuwa imekwenda wiki kadhaa, imebaki kidogo tu, na mwisho wa kukabidhi tasnifu ulikuwa kesho yake jioni. Asipokabidhi, arudie mwaka.

Komeo akatafuta njia ya katikati. Alifunga akaunti za watu wote wasiweze kuingia, ingawa hesabu zao ziliendelea, akaacha moja tu, ya binti, kwa sababu kila hatua ya hesabu ilipokwisha ilimlazimu aingie aipe mashine data ya hatua inayofuata.

"Akimaliza tu, nazima," aliniambia bila kunitazama.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana waliofungiwa walikuwa wakinipigia mimi. Nilisema "tuko kwenye matengenezo" mpaka nikaichukia sauti yangu mwenyewe.

Asilolijua Komeo, na ambalo mwanafunzi yeyote angemwambia, ni kwamba pale chuoni paswedi huazimwa kama kalamu. Mwenzako akikwama, unampa yako. Ukikataa, unaitwa mchoyo, na jina hilo halikutoki mpaka siku ya mahafali.

Kesho yake mchana nilimwona ameganda mbele ya kioo cha kompyuta. Nikasogea. Orodha ya wenye mamlaka ya juu kwenye ile seva, ambayo siku zote ilikuwa na yeye peke yake, sasa ilionyesha wawili: yeye na akaunti ya binti yake. Alikata mawasiliano ya seva na mtandao, akampigia binti yake.

Binti alifika anatabasamu. "Baba, hesabu imekwisha. Nimeshampelekea msimamizi."

"Nani mwingine ana paswedi yako?"

Tabasamu likamtoka. "Mwenzangu wa bwenini. Mlimfungia, na yeye anakabidhi leo. Alisema kaona mtandaoni programu ya kujiongezea nafasi kwenye seva, ili kazi yake iende haraka."

Kumbe programu yenyewe ilikuwa imempandisha cheo kupitia lile tundu, kisha ikafungua mlango kwa watu tusiowajua. Msichana wa watu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa msimamizi wa binti, amesikia seva imekatwa mtandao, akitaka kujua kama matokeo aliyopokea ni salama. Komeo akaziba simu kwa kiganja.

"Namba zangu zimeguswa?" binti aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Kama hujui, huenda ziko sawa."

"Huenda."

"Basi mwambie hivyo, Baba. Mwambie huenda."

Binti alinigeukia nimsaidie. Mimi nikatazama sakafu, na hadi leo sijui ningesema nini. Komeo akaondoa kiganja.

"Usiyapokee," alisema. "Usipokee chochote kilichotoka kwenye seva hii tangu jana, cha mtu yeyote. Kosa ni langu."

Binti hakulia. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akauliza taratibu, "Ungeizima jana, ingekuwaje?"

"Ungerudia mwaka."

"Mimi peke yangu. Na sasa tutarudia wangapi?"

Komeo aligeukia kioo, akaanza kuizima seva.