Ngazi Ishirini na Sita

Kutoka benchi la wagonjwa hadi chumba cha kikao cha madaktari kulikuwa na ngazi ishirini na sita, na aliyezijua kuliko hata mjenzi wake alikuwa muuguzi mmoja mnene. Wagonjwa walimwita sista. Wenzake, akishawapa mgongo, walimwita Sista Ngazi. Jina hilo lilimfikia siku nyingi na wala hakulichukia, maana ngazi zile ndizo zilizompa heshima pale kazini.

Ilikuwa hivi. Miaka ishirini na miwili nyuma, alipokuwa bado mwembamba na mgeni wa kazi, mashine ya kupima moyo iliharibika, na fundi wa kuitengeneza akawa haonekani. Wagonjwa wa ngiri na wa uvimbe wa shingo walijaa wodini, na daktari wa usingizi wa wakati ule aliogopa kumlaza mtu ambaye hali ya moyo wake haijulikani. Sista akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ameona jambo: mgonjwa anayepanda ghorofani bila kusimama huamka salama, na anayefika juu akitweta ndiye anayewatoa madaktari jasho kwenye meza ya upasuaji. Wakajaribu, ikawa kweli. Hakikuwa kilemba cha ukoka walichomvika, kilikuwa kipimo kizuri kabisa. Kwenye fomu ukaongezwa mstari wenye neno "Ngazi", na mbele yake "ameweza" au "ameshindwa". Sista akawa anasimama juu na saa yake mkononi, aliyefika akaandikiwa "anafaa", asiyefika "hafai". Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mviringo, na daktari yeyote aliusoma bila kukunja uso.

Ubaya ulianza baadaye, na ulianza kimyakimya. Miaka mitano iliyopita madaktari wa mifupa kutoka nje walianza kuja mara moja kwa mwaka, wiki moja tu, kuwawekea watu kumi na wawili nyonga mpya. Waombaji walikuwa wengi mno, kwa hiyo kikao kikapewa kazi ya kuchagua. Fomu ikawa ileile. Hebu sikia vizuri, maana wenyewe hawakulisikia: mtu ambaye nyonga yake imesagika hadi hawezi kuvuka chumba alitakiwa apande ngazi ishirini na sita ili athibitishe kwamba anafaa kutengenezwa nyonga. Madaktari sita wenye vyeti ukutani, na sista mwenye saa, miaka mitano mizima, na hapakuwa na hata mmoja aliyejikuna kichwa. Waliopita walikuwa wale ambao nyonga zao zilikuwa bado zinawabeba. Waliozidiwa walirudishwa nyumbani na karatasi.

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, mwenye kuchekesha watu hata pale asipoulizwa. Alishonea watu kwa cherehani cha kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliokufa nyongani. Alikuwa ameandikiwa "hafai" mara mbili. Mwaka huu, daktari wa kliniki alipoitazama picha ya mfupa alimwambia bila kuzunguka kwamba mfupa unaliwa, na kwamba akipitisha mwaka mwingine hapatabaki mahali pa kushikiza nyonga mpya. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi tena. Mke wake alilisikia hilo pia, na tangu siku hiyo hakuwa akilala vizuri.

Siku ya kuchagua ilipofika, sista aliamka goti lake la kushoto limevimba. Mumewe, dereva mstaafu, alimwambia apumzike, naye akamjibu kwamba wagonjwa hawapumziki. Lakini alipofika kazini aliziangalia ngazi zile na goti likamkatalia. Akaamua leo atakaa chini, kwenye kiti kando ya benchi, awapime watu wakiwa wanapanda. Lifti haikuwa jambo la kufikiria. Karatasi iliyosema ni mbovu ilikuwa imebandikwa mlangoni mwake siku nyingi hadi imegeuka rangi.

"Habari za tangu mwaka jana, sista," fundi alimsalimu.

"Nzuri, fundi. Leo panda taratibu."

"Mimi tangu lini nikapanda haraka?"

Akaanza, gongo moja kila kwapa, mke wake nyuma ameshika shati lake kana kwamba shati lingemzuia asianguke. Ngazi ya tatu, ya tano, ya saba. Kwenye ya tisa alisimama, akaegemea ukuta, halafu akajishusha akaketi. Mke wake akageuza uso ukutani. Kalamu ya sista, kwa mazoea, ilikuwa imeshaandika "ame".

Kama angekuwa juu, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa chini, karibu, na kitu fulani hakikukaa sawa. Akajikokota na goti lake hadi ngazi ya tisa, akaketi pembeni ya fundi.

"Umechoka?"

"Sijachoka, sista. Nyonga ndiyo imekataa. Mimi ningepanda hadi jioni, ila huyu mwenzangu hatuelewani. Mke wangu anasema katika ndoa zangu mbili, hii ya nyonga ndiyo yenye ugomvi zaidi."

Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja. Jasho lilikuwa likimtiririka, lakini lilikuwa jasho la maumivu. Sista alimshika kifundo cha mkono akahesabu. Mapigo yalikwenda polepole, moja baada ya moja, na kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyeketi sebuleni kwake.

"Na mwaka jana? Ulichoka?"

"Mwaka jana nilifika ya kumi na mbili. Sikuchoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa kule juu."

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sista alikuwa amezisimamia ngazi zile miaka ishirini na miwili na hakuwahi kuzipanda na mguu mbovu, hadi asubuhi hiyo. Damu ilimchemka hadi masikioni. Aliwakasirikia madaktari, akaikasirikia fomu, akaukasirikia zaidi ule mwandiko wake mzuri wa mviringo. Alimwambia mke wa fundi amsaidie mumewe kushuka, na yeye akapanda, akishika reli, kila ngazi ikimtukana goti.

Kikao kiliongozwa na daktari mkuu wa upasuaji, ambaye wauguzi walimwita Kalamu Nyekundu kwa jinsi alivyopenda kukata majina. Mafaili ya waombaji yalikuwa mezani, naye alikuwa ameshatenga nafasi ya mafungu mawili, la wanaofaa na la wasiofaa.

"Umechelewa, sista. Walioshindwa ni wangapi?"

"Walioshindwa warudishwe kwenye orodha, daktari. Wote. Kipimo hiki si chao."

"Kipimo ni chako mwenyewe. Tunakisifu kila mwaka."

"Kilikuwa cha watu wa ngiri. Mtu wa ngiri ana miguu. Hawa tunawapima moyo kwa mguu uleule waliokuja kuulalamikia."

Mmoja wa madaktari alicheka, akaona amecheka peke yake, akakohoa. Kalamu Nyekundu hakucheka. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulimuudhi sista kuliko kelele.

"Sista wangu, wageni wanaingia Jumatatu. Mtu mmoja akifia mezani, mwakani hawarudi. Tunataka wagonjwa watakaotoka vizuri."

"Wanatoka vizuri kwa sababu wanaingia wazima."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pale mezani walikaa watu sita waliokuwa wamebeba usufi miaka mitano na kujisifia nguvu. Sista akaanza kukusanya mafaili, la fundi na mengine yote, pamoja na picha za mifupa.

"Unafanya nini?"

"Haya nimeyasainia mimi. Nateremka nayo. Anayetaka kuchagua atayakuta kwa wenyewe."

Akateremka. Akaketi benchini kati ya fundi na mwanamke mwingine mwenye magongo, mafaili yamejaa mapajani. Fundi akamuuliza kama naye amekataliwa. Sista hakuwa na moyo wa kucheka. Dakika kumi zikapita, kisha kumi nyingine, na akaanza kufikiria barua ya kufukuzwa kazi itakavyoandikwa na nani ataisaini.

Aliyeshuka kwanza alikuwa daktari wa usingizi wa sasa, mama mmoja asiyependa maneno. Alimwinamia fundi, akasikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu, akampima presha, akamwambia apulize, apulize tena. "Moyo huu hauna neno," alisema, akahamia kwa mwanamke wa pili.

Kalamu Nyekundu alishuka wa mwisho, mikono mfukoni. Aliinua picha ya mfupa wa fundi kwenye mwanga wa dirisha. Akauzungusha mguu kidogo tu, fundi akauma kola ya shati lake. Hapo uso wa daktari ukabadilika.

"Kwa nini mmemleta akiwa amechelewa hivi?"

"Hatukumleta, daktari," sista alisema. "Alikuja mwenyewe, tukamrudisha. Mara mbili."

Daktari alitoa ile kalamu yake, akaliandika jina la fundi kwenye orodha kwa wino mwekundu, na la yule mwanamke chini yake. Ili wapate nafasi, wanaume wawili waliopanda ngazi zile bila hata kushika reli waliahirishwa hadi mwakani. Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini walinung'unika wakitembea. Mstari wa ngazi ukakatwa kwenye fomu zote za mifupa. Hakuna aliyemwomba mtu msamaha, na barua ya kufukuzwa haikuandikwa.

Sista hakuridhika. Alifungua kabati, akatoa mafaili ya miaka mitano, akayatenga yenye neno "hafai". Yalikuwa arobaini na moja. Siku mbili mfululizo alipiga simu. Wengine namba zao zilikuwa hazipatikani, wengine aliwaambia waje mwakani, mmoja akamtukana matusi ambayo aliyasikiliza hadi mwisho. Alipofika kwenye faili la bibi mmoja mfuma vitambaa, simu ilipokelewa na binti yake. Baada ya simu hiyo sista hakulirudisha faili lile kabatini, alilitia kwenye droo ya meza yake.

Fundi alipasuliwa Jumatano ya wiki ya wageni, na mfupa ukashika. Miezi mitatu baadaye, akiwa na gongo moja, alikuja kliniki na badala ya kukaa benchini akaziendea ngazi. Alipanda polepole, mke wake nyuma, safari hii hakushika shati. Ngazi ya tisa aliipita. Alipofika juu wauguzi wakapiga makofi, naye akaenda moja kwa moja kwenye meza ya sista.

"Nimefika," alisema. "Niandikie."

Sista alicheka, macho yakamlowa. Lakini fundi alikuwa hajamaliza. Aliomba aonyeshwe fomu zake za zamani, na sista hakuweza kumnyima. Alizisoma, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, akapitisha kidole juu ya lile neno.

"Mwandiko mzuri. Ni wako?"

"Ni wangu."

Alimrudishia. Mke wake alikuwa akimwita waondoke, naye akasimama palepale, ameegemea gongo.

"Na yule bibi aliyekuwa akifuma vitambaa? Mwaka jana tulikaa naye benchi moja. Alikuwa ananichekesha hata mimi. Mmemwita?"

"Nilimpigia. Binti yake akapokea." Sista aliinamisha kichwa. "Alilala kitandani tangu siku ile tuliyomrudisha. Alipata vidonda vya mgongo. Hakufika mwisho wa mwaka."

Fundi aliziangalia zile ngazi, kutoka juu hadi chini kwenye benchi.

"Moyo wake ulikuwa mbaya?"

"Hatukuupima," sista alisema.