Nyama ya Kafara

Mume wangu aliniuliza kabla ya kulinunua lile lori. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wa mtaani walipenda kumlaumu yeye, naye, kwa upole wake unaoudhi, hakujitetea hata siku moja. Tulikuwa mkekani tunakula, kaka yangu amelala chumba cha pili. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Gofu la lile gari linauzwa. Nikilipata nitalinyoosha. Lakini ukisema hapana, mke wangu, naliacha." Nikamwambia, "Chukua." Sikungoja hata nimeze tonge.

Lori lenyewe ndilo lililomkata kaka mguu. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Kiarabu mwenye duka la nafaka karibu na soko la Kariakoo. Njia ya Morogoro, kwenye daraja la magogo, gogo moja likateleza, lori likapinduka na mchele wake, na mguu wa kaka ukabanwa. Hospitali wakaukata juu ya goti. Wazungu wa bima walikuja wakalizunguka lori, wakainama, wakachungulia chini, wakasema halitengenezeki, basi wakamlipa tajiri gari lake. Kaka hawakumchungulia. Bima ilikuwa ya gari.

Hakuwa na mke, na wazazi wetu walikwisha kufa, kwa hiyo alikuja kukaa kwangu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Hapa ni kwako, kaka." Nilisema kwa moyo safi. Kisha nikaliruhusu lile gofu livutwe na ng'ombe mpaka kiwanja cha nyuma, hatua chache kutoka dirisha lake.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizirudia kichwani mpaka zikanichosha. Mume wangu alikuwa fundi mzuri anayetengeneza magari ya watu tu. Nilitaka awe na lake. Ila roho ilinisuta kila asubuhi nilipompelekea kaka chai na kumkuta ameketi kitandani, uso kauelekeza dirishani. Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka." Akaitika, "Marahaba." Hakuuliza, nami nikajifanya hamnazo.

Mume wangu aling'oa bodi ya mbao, akatoa injini, ikabaki chesisi peke yake, ule uti wa mgongo wa gari, vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukingama. Akafunga uzi kutoka pembe hadi pembe, akaniita nione. Nyuzi mbili zilitakiwa zilingane. Moja ilikuwa imelegea, nyingine imebana. Chuma kilijisokota. Akakifunga kwa minyororo kwenye magogo aliyoyafukia ardhini, akakichoma kwa mkaa na mvukuto mpaka kikawa chekundu, akawa anakisukuma kwa jeki kidogo kidogo, anangoja kipoe chenyewe, anapima tena uzi. Ilikuwa kazi ya subira, na nyundo zake zilisikika nyumba nzima. Kila zilipolia nilimfikiria kaka, nikaongeza sauti ya sufuria zangu jikoni. Upuuzi mtupu.

Chuma kilikuwa na ufa pia, na hapo ilibidi pabandikwe bamba kwa ribiti, misumari minene inayogongwa ingali ya moto. Hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anagonga juu, mwingine analala chini, anakandamiza chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti ili isirudi. Mtu aliyekodiwa kulala chini alifika, akasikia habari za gari lile, akakumbuka ana msiba Mchikichini. Hatukumwona tena.

Ndipo kaka akatoka na gongo lake. Akasimama mbele ya chesisi, akaitazama kwa muda, akamwambia mume wangu, "Shemeji, nipe hicho chuma."

"Ah, shemeji, wewe pumzika."

"Kulala chini hakutaki miguu miwili."

Akajiburuza chini ya lori lililomlemaza, akalala chali kwenye tope la masika, cheche zinamwangukia kifuani. Alifanya hivyo kila siku mpaka ribiti ya mwisho. Jioni alikula na sisi mkekani badala ya chumbani, akataniana na mume wangu, akasema "lori letu." Lile neno lilinifurahisha, likanikata maini vilevile, kwa sababu nilijua nilipaswa kumwuliza yeye kabla ya mtu yeyote.

Mume wangu akarudisha injini na bodi, lori likawaka, likatembea bila kwenda upande. Lakini hakuna aliyetaka kulipakia mzigo wala kulipanda. Sokoni walisema limeonja damu, litataka nyingine. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatushauri tutoe kafara. Achinjwe mbuzi mbele ya gari, isomwe dua, na nyama yote wapewe maskini. Nyama ya kafara hailiwi na wenye nyumba. Mkosi huondoka na wanaoila. Hivyo ndivyo tulivyoamini, na sikujiuliza maskini wanaupeleka wapi.

Kaka hatukumwambia. Nilimzuia mume wangu mimi. Nilisema itamtonesha kidonda, naye kishaanza kucheka. Tukachagua Ijumaa, siku ambayo maskini hupita nyumba kwa nyumba, na kaka akiwa msikitini mbuzi akachinjwa, nikapika pilau.

Mwalimu alituletea mtu wa kugawa, mgeni wa mtaa, yeye na mume wangu wakabaki nyuma kwenye gari wanamalizia dua. Maskini walijipanga barazani, vipofu na viwete na wazee. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya mlango, napakua, nampitishia sahani. Nilimsikia akiwaambia, "Kuleni, mliombee gari hili liondokewe na mkosi." Kisha akarudi mlangoni. "Bado kiwete mmoja, yule wa mwisho." Nikamwonea huruma huyo wa mwisho. Nikamtilia na kipande cha ini.

Nikachungulia. Kaka alikuwa amerudi kutoka msikitini, amechoka, ameketi kwenye ncha ya baraza la nyumba yake, gongo amelilaza chini. Sahani ilikuwa mapajani mwake.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini ningesema nini mbele ya wale watu wote? Nilishika mlango, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kaka aliitazama sahani, akautazama mlango. Kisha akasema bismillahi, akala, akaimaliza.

Aliileta ndani mwenyewe. Nikaanza, "Kaka, yule mtu hakujua, wallahi..."

"Ini ulitia wewe?"

"Nilitia mimi. Sikujua ni wewe."

Akanawa mikono taratibu. "Si kitu. Nyama ya kafara hailiwi na wenye nyumba. Sasa najua."

Nililia, nikamshika kanzu, nikamwomba radhi, na mume wangu naye. Alisema ametusamehe, na naamini alisema kweli, maana sauti yake haikubadilika. Ila siku ya pili alifunga nguo zake. Alitaka kwenda kwa shangazi yetu, Kigamboni. Akamwambia mume wangu, "Shemeji, nipeleke kivukoni Magogoni kwa lori, gongo linanichoma kwapa."

Tulipita katikati ya Kariakoo saa ya soko, kaka amekaa mbele, kilemba kichwani, anawaitikia watu salamu. Mimi nilikaa nyuma na godoro lake. Niliwasikia wachukuzi wakiambizana, "Yule si ndiye aliyekatwa mguu na lori hili? Kama yeye kapanda, sisi tunaogopa nini?"

Tuliporudi kutoka kivukoni, wenye mizigo walikuwa wanamngoja mume wangu mlangoni.